Uzi: Maji ya bomba magumu katika mji mdogo. Kipi ni kero, kipi ni hatari

Kisimani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naleta uzi huu kwa sababu mada ileile inarudi humu kila mara kwa vichwa tofauti: birika limejaa magamba meupe, sabuni haitoi povu, nguo nyeupe zimefubaa, na mwishoni mtu anauliza anunue mashine gani. Kazi yangu ni kupima maji. Kinachoniuma ni kuona watu wanamaliza akiba yao kupambana na chokaa, wakati kile kinachoweza kumlaza mtoto hospitali hakuna aliyekiuliza, kwa kuwa hakionekani wala hakinuki.

Nianze na ugumu wenyewe. Maji ya mvua ni laini. Yakipenya kwenye udongo yanabeba kaboni dayoksaidi, yanakuwa asidi dhaifu, na yakikaa muda mrefu kwenye miamba ya chokaa yanaiyeyusha kidogokidogo. Ndiyo maana maji ya kisima kirefu mara nyingi ni magumu kuliko ya mto au bwawa. Kilichoyeyuka humo ni kalsiamu na magnesiamu, na hayo ni madini ambayo mwili unayahitaji.

Maabara huandika ugumu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Mgawanyo unaotumika sana ni huu: hadi 60 maji ni laini, 61 hadi 120 ni ya wastani, 121 hadi 180 ni magumu, zaidi ya 180 ni magumu sana. Mashine nyingi za kufulia na za kuoshea vyombo hutumia digrii za Kijerumani. Gawanya kipimo chako cha maabara kwa 17.8 utazipata. Usipofanya hesabu hiyo utaweka mashine kwenye namba isiyo yake na kulaumu sabuni.

Kuna ugumu wa aina mbili, na watu huuchanganya. Wa kwanza huondoka kwa kuchemsha: chumvi ziitwazo bikaboneti huvunjika, chokaa inajitenga na kuganda kwenye birika. Yale magamba ni ugumu uliokwisha kutoka kwenye maji. Wa pili unatokana na salfeti na kloraidi, na huo utachemsha hadi birika likauke bila kuuondoa. Mtu anayesema "nachemsha lakini sabuni bado haitoi povu" ana huu wa pili kwa wingi.

Sasa upande wa afya. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, kwa hiyo chokaa ni kero tu. Limeweka kwa vitu vingine: floraidi miligramu 1.5 kwa lita, naitreti 50, arseniki 0.01, madini ya risasi 0.01. Na kwa bakteria wa kinyesi aina ya E. coli, asipatikane hata mmoja katika mililita 100. Hivyo ndivyo vya kuuliza kwanza. Bangladesh watu wengi walichimbiwa visima vya bomba ili waachane na maji machafu ya madimbwi. Maji yalitoka meupe, matamu, hayana harufu, na katika miaka ya 1990 ikaja kubainika kuwa mamilioni walikuwa wakinywa arseniki. Hakuna ulimi ungeweza kuwaambia.

Ukiwa na majibu ya maabara yaweke hapa, ila taja chanzo: kisima, mto, bwawa au mchanganyiko. Namba bila chanzo hainisaidii kukushauri.

Fundi Koki

Mkuu Kisimani, uzi mzuri, ila hapo kwenye "kero tu" sikubaliani nawe. Mimi natengeneza hita za maji. Chokaa ikishavaa kwenye koili ya hita, joto haliendi kwenye maji, linabaki ndani ya koili hadi inaungua. Kabla haijaungua, umeme umeliwa sana kwa maji yaleyale. Nikifungua hita iliyotumika miaka kwenye maji magumu sana natoa chini vipande vigumu kwa mikono. Kwa familia isiyo na uwezo wa kununua hita nyingine, hilo ni pigo kubwa.

Ushauri wangu kwa wenye hita za tenki: weka nyuzi 60. Juu ya hapo chokaa hujenga kwa kasi. Chini ya hapo nako msishuke, maana maji ya vuguvugu yaliyotuama ndiyo makazi ya bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu mtu anapovuta mvuke wa bafuni. Wengi hushusha joto ili kuokoa umeme na hawaambiwi hili.

Vichujio vidogo vya mdomo wa koki na vichwa vya bomba la mvua vifungue, uviloweke kwenye siki au asidi ya limau usiku kucha. Birika vilevile. Na tafadhali sana: siki isikutane na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lililofungwa mlango si mahali pa kuivuta.

Kisimani

Fundi, nimekuelewa na nakubali kwamba hasara ipo, tena kubwa. Niseme hivi basi: chokaa inakula mali, haili mwili. Mtu akijua tofauti hiyo atapanga mwenyewe aanze na lipi.

Mama wa Mapacha

Habari zenu. Naomba kuuliza mambo matatu, mnivumilie. Watoto wangu wana ngozi kavu inayowasha, na jirani ameniambia ni maji haya, ninunue mashine ya kulainisha. Pili, mama mkwe anasema maji magumu yanaleta mawe kwenye figo. Tatu, maziwa ya unga ya watoto, ni sawa kuyakoroga na maji ya mashine hiyo?

Kisimani

Dada, karibu, na umeuliza vizuri.

Ngozi: tafiti zimeonyesha kuwa pumu ya ngozi kwa watoto huonekana zaidi penye maji magumu. Lakini Uingereza walifanya jaribio lenyewe, matokeo yakatoka 2011: watoto 336 wenye pumu ya ngozi, nusu wakafungiwa mashine za kulainisha maji nyumbani, nusu wakaendelea na matibabu yao ya kawaida. Mashine haikuleta nafuu zaidi. Maana yake usiinunue kama dawa. Kinachoumiza ngozi ni pamoja na sabuni nyingi tunayolazimika kutumia penye maji magumu, na ule utando unaobaki mwilini. Tumia sabuni kidogo isiyo na manukato, suuza sana, mpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, na umwone daktari.

Figo: mwambie mama kwa heshima kwamba kwa mtu mwenye afya ya kawaida, ushahidi hauonyeshi kuwa ugumu wa maji ndio unaoleta mawe. Kalsiamu inayoingia pamoja na chakula hushikamana na oksaleti tumboni na kutoka nayo kabla haijafika kwenye figo. Jambo linalosaidia kwa hakika ni kunywa maji ya kutosha. Nimekutana na watu waliopunguza kunywa maji kwa kuogopa chokaa, na hao ndio wanaojiweka pabaya. Aliyewahi kupata mawe amsikilize daktari wake.

Maziwa ya mtoto: hapana, usitumie maji ya mashine ya kulainisha kwa chumvi. Mashine hiyo hubadilishana: inashika kalsiamu, inaachia sodiamu. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huongeza takriban miligramu 46 za sodiamu kwa lita. Maji ya ugumu wa 300 yatatoka na nyongeza ya 138 hivi. Mtu mzima mwenye afya haimdhuru, bali mtoto mchanga au mwenye shinikizo la damu aliyekatazwa chumvi, hapana. Fundi anayeijua kazi huacha koki moja ya maji baridi jikoni bila kuipitisha kwenye mashine. Mkorogee maziwa kwa maji ya koki hiyo, yaliyochemshwa, mradi umehakikisha naitreti ipo chini ya kikomo. Naitreti ikizidi huizuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kukolea. Floraidi nayo haiondoki kwa kuchemsha.

Tone kwa Tone

Mimi nina kipimo kile cha kalamu. Kinasoma 480. Amekuja muuzaji wa mashine ya kuchuja akachovya kifaa chenye vyuma viwili kwenye glasi ya maji yangu, maji yakageuka rangi ya kutu na kutoa mapovu machafu. Kwenye maji ya mashine yake hayakubadilika kitu. Sijalala vizuri tangu hapo. Nina wazazi wazee nyumbani.

Mwalimu wa Kemia

Ndugu yangu, lala. Hilo nalifundisha darasani na linanikasirisha kila ninaposikia wazee wametishwa nalo.

Vile vyuma viwili vimeunganishwa na umeme. Kimoja ni chuma cha kawaida. Maji yenye madini hupitisha umeme, chuma kinayeyuka na kuwa kutu ndani ya glasi yako. Uchafu uliouona umetoka kwenye kifaa, haukuwa ndani ya maji. Maji ya mashine yake hayana madini, umeme haupiti, chuma hakiyeyuki. Akirudi, mwombe atie chembe za chumvi safi ya mezani kwenye glasi ya maji yake mwenyewe kisha achovye tena.

Kalamu nayo inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inakisia jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Haijui kama ni kalsiamu, chumvi au naitreti. Bakteria haiwaoni kabisa. Maji ya 40 yaliyoingiliwa na choo yatasoma vizuri kuliko maji safi ya 480. Kwa ladha, Shirika la Afya Duniani linaona jumla ya chini ya miligramu 600 kwa lita kwa ujumla ni nzuri, na maji yanaanza kukataliwa na walaji yakivuka 1,000. Wewe uko ndani.

Ukitaka kujua ugumu bila maabara, chukua chupa mbili angavu zenye vifuniko. Moja tia maji ya mvua, nyingine ya bomba, kiasi sawa. Kwangua sabuni halisi ya mche iliyopikwa kwa mafuta (sabuni ya unga haifai, imetengenezwa isijali ugumu), iyeyushe kwenye maji ya mvua kidogo, kisha dondosha tone kwa tone katika kila chupa huku ukitikisa. Hesabu matone hadi povu lisimame dakika moja bila kuzama. Maji magumu yatameza matone mengi zaidi na kuacha utando mweupe juu. Namna hii ya kupima kwa sabuni ilitumika maabara kwa miaka mingi, kabla ya njia ya kisasa ambayo matone hubadilisha rangi ya maji kutoka wekundu wa mvinyo hadi bluu.

Juu Mlimani

Naomba nieleweshwe jambo moja. Mji wetu ni mdogo, unauvuka kwa miguu. Kwa dada yangu ng'ambo ya reli sabuni inatoa povu safi. Kwangu haitoi. Na kwangu kwenyewe asubuhi ni tofauti na jioni. Maji ya mamlaka moja, bomba moja, inakuwaje?

Kisimani

Mkuu, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, kwa sababu miji midogo ina tabia yake.

Mji mkubwa mara nyingi huchanganya maji ya vyanzo vyake kwenye matangi makuu kabla ya kuyasambaza. Mji mdogo ulianza na chanzo kimoja, watu wakaongezeka, kikachimbwa kisima hapa, kingine pale, na kila kisima kikaunganishwa kwenye bomba lililokuwa karibu. Kwa hiyo upande mmoja unakunywa mto, upande mwingine unakunywa kisima, na katikati kuna eneo ambalo maji hukutana. Mpaka huo hautulii. Asubuhi watu wote wakifungua bomba, maji ya mto yanavutwa hadi kwako. Usiku matumizi yakishuka, pampu ya kisima inasukuma yake mbali zaidi. Kiangazi mto ukipungua, kisima kinabeba mji mzima. Wewe unaishi kwenye mpaka, dada yako hayumo.

Kwa hiyo sampuli moja iliyochukuliwa kwenye ofisi ya mamlaka haisemi kitu kuhusu koki yako. Mkienda kuomba taarifa ya ubora wa maji, na muiombe maana ni haki ya mlaji, ulizeni ilichukuliwa wapi, lini, na chanzo gani kilikuwa kinafanya kazi siku hiyo. Ombeni ugumu, pH (kipimo cha uasidi), alikalini (uwezo wa maji kuhimili asidi), uchafu wa tope, klorini iliyobaki, E. coli, naitreti, floraidi, chuma na manganizi.

Jambo la pili ni kubwa kuliko povu. Ndani ya mabomba ya zamani kuna tabaka la kutu na chokaa lililozoeana na maji ya aina fulani kwa miaka. Ukileta maji ya kemia nyingine ghafla, tabaka hilo hubanduka. Tucson, Marekani, walipoingiza maji ya mto Colorado 1992 badala ya maji ya visima, nyumba nyingi zilipata maji ya rangi ya kutu, na 1994 mji ukasitisha. Flint, jimbo la Michigan, mji wa watu wapatao 100,000, yalikuwa makubwa zaidi. Aprili 2014 walihama kutoka maji ya Ziwa Huron yaliyotoka Detroit kwenda mto wao wenyewe ili kubana matumizi. Maji ya mto yalikuwa na kloraidi nyingi, na ile dawa ya kuzuia kutu haikuwekwa. Madini ya risasi yakatoka kwenye mabomba na kuingia kwa watoto. Oktoba mwaka uleule kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kuyatumia kwa kuwa yalikuwa yanakula vyuma. Wakazi waliendelea kuyapata hadi Oktoba 2015, na katika kipindi hicho watu 12 walikufa kwa ugonjwa wa Legionella alioutaja Fundi.

Katika miji hiyo, mama wa nyumbani aliyesema "maji yamebadilika" alikuwa na taarifa ya kweli mkononi. Kwa hiyo mkuu, usione aibu kuandika malalamiko. Andika siku na saa, peleka kwa maandishi, mpewe namba ya kumbukumbu.

Mama wa Mapacha

Ahsante sana kaka, umenipa moyo. Na yakitoka meupe kama maziwa?

Fundi Koki

Dada, jaza glasi angavu uiweke mezani. Weupe ukianza kuondoka kutoka chini kwenda juu, ni hewa tu, pressa ya bomba. Ukizama chini ni tope au chokaa. Yakitoka angavu halafu yakageuka kahawia yakikaa kwenye ndoo, ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka. Weusi mara nyingi ni manganizi. Doa la kijani-bluu kwenye sinki ni shaba, maji yako yanakula mabomba. Harufu ya yai viza ikiwa kwenye maji ya moto pekee, tatizo liko ndani ya hita yako, mwite fundi kabla hujaenda kuwalaumu watu wa maji.

Na maji ya kunywa yachoteni koki ya baridi siku zote. Yaliyolala bombani usiku kucha yaachieni kwanza hadi mguse yamekuwa baridi zaidi. Yakingeni mwoshee sakafu.

Kisimani, nakurudia wewe. Kama chanzo ni kigumu hivyo, kwa nini kila nyumba ijinunulie mashine? Mji ulainishe yote mara moja mtamboni.

Kisimani

Inawezekana, na si jambo jipya. Thomas Clark wa Aberdeen alipata hataza yake 1841: unaongeza chokaa kwenye maji ili kuondoa chokaa. Inasikika kinyume, lakini chokaa iliyozimwa inaigeuza bikaboneti kuwa kaboneti isiyoyeyuka, inazama, unaichuja. Miji mingi inafanya hivyo hadi leo. Shida ni tope linalobaki kila siku, na mtu wa kusimamia pH mchana na usiku. Ukilainisha kupita kiasi, maji yanakuwa na njaa na kuanza kula mabomba. Penye ugumu chini ya 100 na alikalini ndogo hatari hiyo ipo.

Kwa mji mdogo wenye fedha za jambo moja tu, mimi ningezitia kwenye klorini na kwenye kuondoa mgao. Bomba likikaa tupu, kila tundu lake linavuta maji ya mtaroni, na maji yakirudi yanakuja na hayo. Klorini inayobaki ifike kwenye koki ya mwisho ikiwa angalau miligramu 0.2 kwa lita. Chokaa ningeiacha isubiri. Najua wewe ungeanza na mtambo, Fundi.

Fundi Koki

Ningeanza na mtambo. Lakini hoja ya mgao siipingi, nimeona matangi ya juu ya nyumba yalivyo ndani. Wengi hawajafungua kifuniko tangu yapandishwe.

Tone kwa Tone

Nimetulia, ahsante Mwalimu. Kwa hiyo mashine ile ya kuchuja kwa utando haina kazi?

Mwalimu wa Kemia

Ina kazi, tena kubwa, pale maabara inapoonyesha floraidi, arseniki, naitreti au chumvi imezidi. Hapo ndiyo njia mojawapo ya uhakika ya nyumbani. Lakini ile ya kawaida humwaga lita tatu au zaidi kwa kila lita moja inayokupa, na utando usipobadilishwa kwa wakati unakuwa mzigo. Vile visumaku vya kufunga juu ya bomba haviondoi kalsiamu yoyote kwenye maji, na ushahidi kwamba vinazuia magamba ni dhaifu. Hela hiyo ilipie kipimo cha maabara.

Juu Mlimani

Nimeshawishika, nataka kupima. Nichukueje sampuli?

Kisimani

Kwa madini: chupa safi ya plastiki, isuuze kwa maji yaleyale mara kadhaa, jaza hadi juu, funga. Ukitaka kujua madini ya risasi, chukua ya kwanza kabisa asubuhi kabla hayajaachiwa, na hapo chupa usiisuuze kwa maji hayo.

Kwa bakteria usitumie chupa yako. Omba ya maabara, imeuawa vijidudu na ina dawa ya kuzima klorini ndani, kwa hiyo usiisuuze. Toa kichujio cha mdomo wa koki, pangusa koki kwa dawa, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, jaza bila kugusa ndani ya kifuniko, weka kwenye chombo chenye barafu. Ifike maabara siku hiyohiyo, isizidi saa 24. Chukua moja kwenye koki inayotoka moja kwa moja bomba la mtaani, nyingine kwenye koki inayotoka tangi lako. Ya mtaani ikiwa safi na ya tangi ikiwa na bakteria, osha tangi kwanza. Zote mbili zikiwa na bakteria, ipigie mamlaka siku hiyohiyo, chemsha yote ya kunywa hadi utakapojibiwa, na waambie majirani.